Mutwanga: kijiji chini ya theluji, na watu ambao vitabu havikuwataja



Uliza mtu wa Kinshasa: Mutwanga ni wapi? Kama anajua, atakujibu: "Ni kule ADF wanaua watu." Muulize tena: na Mabalako? "Ni kule Ebola ilianzia." Hivi ndivyo fasi zetu zinajulikana. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Tangu siku hizo jina letu limebandikwa kwenye ugonjwa, kana kwamba kabla ya 2018 hapakuwa na watu hapa, wala soko, wala mashamba, wala mazishi ya kawaida.

Leo sitaandika juu ya Mabalako. Ninataka twende kwa jirani, ng'ambo ya Semliki, kwenye kijiji cha mlimani ambacho kina historia ndefu kuliko balaa lake. Tukiisha kuiona historia ya jirani, tutajua ni nini kinakosekana kwenye ya kwetu.

FASI YENYEWE

Ukitoka Beni kwa barabara ya Kasindi, unashuka polepole kuelekea bonde la Semliki. Joto linapanda. Unavuka mto, na mbele yako kunasimama ukuta wa bluu ambao kichwa chake kiko ndani ya mawingu. Huo ndio Ruwenzori. Mutwanga imekaa kwenye miguu ya ukuta huo, jirani na Bulongo na Lume, na ndiyo makao ya sekta ya Ruwenzori katika teritware ya Beni.

Mlima huu si volkano kama Nyiragongo. Ni kipande cha ardhi kilichosukumwa juu wakati bonde la ufa lilipofunguka. Kilele chake kikubwa, Margherita, kina mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita juu yake. Asubuhi moja moja, mvua ikiisha kusafisha anga, hata mtu wa Beni anaweza kuona weupe kule juu. Theluji, karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Watu wa chini yake ni Wanande, au Wayira kama wengi wanavyopenda kujiita. Upande wa Uganda ndugu zao wanaitwa Wakonzo. Ni watu wa lugha moja, tofauti ni ndogo tu. Mlima haukuwatenganisha. Kabla ya wakoloni ulikuwa nyumba moja yenye milango miwili: watu walipita, walioana, walibadilishana vitu. Chumvi ya Katwe, kule Uganda, ilibebwa mabegani hadi kwenye vilima vya Lubero. Tunaposema leo kwamba Munande ni mfanyabiashara, tukumbuke kwamba biashara hiyo ilianza na mtu aliyetembea kwa miguu akiwa na chumvi, si na kontena ya Dubai.

MLIMA ULIKUWA NA MWENYEWE

Kwa wazee, kule juu hakukuwa mahali pa kutembea kwa raha. Theluji ilikuwa na mwenyewe: Kitasamba, roho kubwa ya mlima. Uwindaji, mvua, afya ya watoto, vyote vilihusiana naye. Mtu aliyepanda alipanda kwa heshima, kwa kazi maalumu, na hakupanda mikono mitupu. Hata baadaye sana, watalii walipoanza kuja, waongozaji wa Mutwanga walisimama njiani na kuacha sadaka ndogo kabla ya kuendelea.

Leo wengine tunacheka hayo, wengine tunayaita upagani. Lakini tuangalie yalifanya kazi gani. Mtu anayeogopa kupanda bila sababu hakati miti ya juu, hachomi msitu wa mianzi, hachafui chemchemi. Karne nyingi kabla ya neno "mazingira" kuingia katika masomo yetu, mlima huu ulikuwa na sheria, na sheria hiyo ilikuwa na mlinzi asiyelala.

Nani alifundisha sheria hizo? Zilifundishwa kwenye ekyaghanda, ile nyumba ya mazungumzo, wakati wa jioni, wanaume na vijana wakikaa kuzunguka moto. Pale ndipo kijana alijua ukoo wake, mipaka ya shamba la babu yake, na kilima gani alizikwa nani. Ilikuwa maktaba bila karatasi. Ubaya wake ni mmoja: mzee akifa bila kusimulia, kitabu kimechomwa.

WALIOKUJA KUTAZAMA KILELE

Mwaka 1888 Henry Morton Stanley aliona theluji hiyo kutoka mbali, na akaupeleka ulimwenguni jina Ruwenzori. Mwaka uliofuata, Juni 1889, luteni wake William Stairs alijaribu kupanda, akafika zaidi kidogo ya mita 3,200, akarudi. Msafara ule ulibebwa na watu wa Zanzibar. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kwenye mabega ya mlima huu miaka zaidi ya 130 iliyopita, ndani ya vinywa vya wapagazi.

Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa upande wetu, kupitia bonde la Butahu, akafika kwenye mita 4,000 na kidogo. Mwaka 1906 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alikuja kwa upande wa Uganda na kufika kwenye kilele chenyewe. Akakiita Margherita, jina la malkia wao. Kilele cha jirani akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Mwaka 1932 Wabelgiji nao, wakiongozwa na Count Xavier de Grunne, wakapanda kutoka upande wa Kongo. Njia ya upande huo, inayoanzia Mutwanga na Mutsora na kupita Kalonge, Mahangu na Kiondo, ndiyo wapandaji waliyoitumia miaka yote iliyofuata. Kalonge iko kwenye mita 2,100 hivi, Mahangu 3,300, Kiondo 4,300.

Hesabu majina niliyoyataja: Stanley, Stairs, Stuhlmann, Abruzzi, de Grunne, Margherita, Alexandra. Kati ya hao wawili wa mwisho, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kule. Majina yao yako kwenye ramani. Sasa hesabu majina ya watu wa Mutwanga: wale waliobeba mahema, unga, kuni na vyombo vya kupima, bila viatu kwenye matope ya juu ambayo yanakumeza hadi kwenye goti, na baridi ambayo mtu wa bonde hajawahi kuijua. Hesabu yako ni ngapi?

Na wakati wa Zaire, Prezida Mobutu alipobadilisha majina, mlima Stanley ukaitwa Ngaliema. Jina lilikuwa la Kiafrika, ndiyo, lakini la chifu wa upande wa Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Hata siku ya kurudisha heshima kwa wenyeji, mwenyeji wa Mutwanga hakuulizwa.

MIPAKA MIWILI

Wageni walileta pia mipaka. Wa kwanza ni wa 1910, pale Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana juu ya ramani. Ruwenzori ikakatwa katikati. Mtu na mjomba wake wakajikuta katika makoloni mawili. Kwenye upande wa Uganda, jambo hilo na mengine ya kudharauliwa ndani ya ufalme wa Toro yalizaa harakati ya Rwenzururu, ambayo mwaka 1962 ilijitangazia uhuru ikiongozwa na Isaya Mukirania. Silaha ziliwekwa chini mwaka 1982, na ufalme wa Rwenzururu ukatambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Kwa watu wa Mutwanga hizo hazikuwa habari za nje. Zilikuwa habari za ndugu.

Mpaka wa pili ni wa parke. Parc Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, iliundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwenye volkano za kusini. Mipaka yake ikapanuliwa hatua kwa hatua hadi 1935, na sehemu kubwa ya bonde la Semliki pamoja na upande wetu wa Ruwenzori ikaingia ndani. Katika miaka ileile, bonde lilikuwa limeshikwa na ugonjwa wa malale. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa sababu ya afya. Watu walifikiri watarudi ugonjwa ukiisha. Walipogeuka kutazama nyuma, ardhi ilikuwa imekuwa parke.

Hapa ndipo penye mzizi wa ugomvi ambao tunausikia hadi leo. Mtu wa mji anaona mkulima akiingia parke anasema: "Huyu anavamia." Mkulima anasema: "Ninarudi." Wote wawili wanazungumza juu ya hekta moja. Mmoja anaanza historia na karatasi ya 1935, mwingine anaianza na kaburi la babu yake. Sisemi parke iondoke. Bila parke, pengine misitu ile ya juu ingekuwa imekwisha kugeuzwa makala, na mito ingekauka. Ninasema huwezi kumaliza ugomvi ambao hukubali hata kusikiliza mwanzo wake.

KAHAWA, KAKAO, NA MAJI

Pamoja na parke yalikuja mashamba makubwa. Kuanzia 1928 Comité National du Kivu ilikuwa na mamlaka ya kugawia Wazungu ardhi, na kahawa ikaenea kwenye vilima vya chini. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuchukua mashamba na biashara za wageni na kuzipa Wazaire. Mengi ya mashamba hayo yakaangukia mikononi mwa wakubwa ambao hawakujua hata kupogoa mkahawa. Aliyeendelea kulima kweli alikuwa mkulima mdogo, yule mwenye miti yake mia mbili nyuma ya nyumba.

Huyo mkulima ndiye tabia ya kijiji. Ugonjwa wa kunyauka ulipoua kahawa ya robusta katika Beni, kuanzia miaka ya 1990, hakungoja semina. Kule chini aling'oa miti iliyokufa na kupanda kakao, mambo ambayo watu wa Mabalako na Mangina mnayajua vizuri kwani ndiyo yaliyowalipia wengi wetu masomo. Juu, kwenye baridi, alibaki na arabika. Leo ushirika wa Kawa Kanzururu unauza kahawa ya vilima hivyo nje ya nchi. Sikiliza jina hilo, limebeba ndani yake theluji ya mlima. Huyo ndiye mtu wa kwanza katika habari hii kuuza kitu chenye jina la mlima wake na pesa ikarudi kijijini.

Kisha yakaja maji. Tangu zamani mlima uliipatia Mutwanga mito ya baridi, na watu waliitumia kunywa, kuosha na kumwagilia. Mwaka 2013, katika mradi wa parke, kituo kidogo cha umeme kilianza kufanya kazi hapo, chenye nguvu ya kilowati 400 hivi. Kwa mji mkubwa hiyo si kitu. Kwa kijiji ambacho usiku ulikuwa wa taa ya petroli, ilikuwa mapinduzi. Fundi wa kuchomelea vyuma akafungua mlango. Kinu kikaacha mafuta. Kiwanda cha sabuni kikajengwa, kikinunua mafuta ya mawese ya wakulima. Baadaye kikaja kiwanda cha chokoleti, na kakao ya Beni ikatoka Mutwanga ikiwa imefungwa tayari kwa kuliwa. Wangapi kati yetu tuliokulia ndani ya kakao tumewahi kuonja chokoleti yake?

Ila kuna jambo la kutisha. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika kilomita mraba 6.5 hivi. Mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita mraba 1, na inaendelea kupungua. Watoto wanaozaliwa Mutwanga leo wanaweza kuzeeka chini ya mlima mweusi, na itabidi waambiwe kwa nini babu zao waliuita mlima wa theluji. Kitasamba anabaki bila nyumba.

KIJIJI KINGINE, MLIMA MWINGINE

Nitawapeleka mbali kidogo, kwa sababu kulinganisha kunasaidia. Kusini mwa Poland, chini ya milima ya Tatra, kulikuwa na kijiji maskini cha wachungaji kinachoitwa Zakopane. Milima yao ni nusu ya wetu, kilele kikubwa upande wao hakifiki hata mita 2,510. Mwaka 1873 daktari wa Warsaw, Tytus Chałubiński, alifika huko akaupenda mlima, akaanza kuwaleta watu wa mji. Mwaka huohuo kukaundwa chama cha Tatra. Mwaka 1899 reli ikafika. Leo Zakopane ni mji ambao Poland nzima inaujua.

Zakopane ina tofauti gani na Mutwanga? Amani ya muda mrefu, ndiyo, ingawa nao walipigwa na vita vikubwa. Reli, ndiyo. Lakini kuna jambo lingine: wale wachungaji waliogeuka waongozaji waliandikwa kwa majina. Sabała, mzee msimuliaji aliyepanda na daktari yule, amekaa hadi leo kwenye mnara wa mjini, chini ya sanamu ya Chałubiński. Ndiyo, daktari yuko juu na mwenyeji yuko chini, hata huko. Lakini yupo, na mtoto anayepita hapo anajua anaitwa nani. Klemens Bachleda, mwongozaji aliyekufa mwaka 1910 akijaribu kumwokoa mpandaji aliyeumia, kaburi lake linatembelewa. Hata ugomvi wa wachungaji na parke ya Tatra, iliyoundwa 1954 na kuwafungia malisho, umeandikwa, ukajadiliwa, na baadaye sehemu ya malisho ikarudishwa kwa masharti.

Mlima wao si mkubwa kuliko wetu. Watu wao si hodari kuliko wetu. Wao waliandika.

KWA NINI SASA

Kwa sababu vita vinafuta. Kundi la ADF lilijikita kwenye milima hii katikati ya miaka ya 1990, na ukubwa wa Ruwenzori ambao zamani ulikuwa kimbilio la wenyeji ukawa maficho ya wauaji. Kuanzia mwisho wa 2020 mashambulizi yaliongezeka katika sekta yote, Mwenda, Loselose, na Mutwanga yenyewe. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi wakati wa ibada. Watu walihama, wakarudi, wakahama tena. Mzee akikimbilia Butembo au Uganda, anakimbia na historia yote ya kilima chake kichwani. Akifia huko ukimbizini, amezikwa nayo.

Ekyaghanda haziwaki tena moto kila jioni. Vijana tuko kwenye simu, wazee wako peke yao. Na sisi wenye diploma tunafanya nini? Tazama TFC zetu. Finalisti wengi wanaandika kichwa kilekile cha mwaka jana, wanabadilisha jina la mji, wanakopi sura ya kwanza. Na wakati huo, katika kijiji ambacho mwanafunzi huyo amezaliwa, kuna mama mwenye miaka 85 ambaye alisimuliwa na wazazi wake juu ya siku walipohamishwa bondeni, na hakuna aliyewahi kumuuliza hata swali moja.

Kazi hii haihitaji bajeti. Simu yako inarekodi sauti. Keti na mzee mmoja, mpe heshima yake, umuulize: kijiji hiki kilianzia wapi? Nani alikuwa hapa kabla ya barabara? Kilima kile kinaitwaje, na kwa nini? Baba yako alibebea nani mizigo, na alilipwa nini? Andika jina lake, jina la baba yake, mwaka, fasi. Andika kwa Kinande, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, lugha yoyote ambayo yeye anaona raha nayo. Kisha weka nakala mbili, moja isiwe ndani ya nyumba yako, kwa sababu tunaishi katika nchi ambayo nyumba zinachomwa.

Tuanzie Mutwanga kwa kuwa kule juu bado wapo wazee waliowahi kuwaongoza watalii hadi Kiondo, na hawatakuwapo miaka ishirini ijayo. Tuendelee Bulongo, Lume, Mangina, Mabalako. Siku moja mtu wa Kinshasa akiuliza Mabalako ni wapi, tuwe na jibu ambalo haliishii kwenye hesabu ya maiti.

Wewe unayesoma hapa, mzee wa kwanza utakayemuuliza ni nani? Usitujibu sisi. Nenda kwake juma hili, kabla ya mvua.